Kwa Qabale, Kuhusu Zile Chupa za Mtama

Galbet, Garissa.
17 Juni 2025.

Mpendwa wifi yangu Qabale,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, abaayo, dada yangu? Mzee Jarso baba yako anaendeleaje, kifua kimempa nafuu? Na mdogo wako Kura, bado anakataa maziwa ya ngamia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa moyo sitakudanganya. Idi tumekula bila wewe, na nyama nyingi ilibaki sahanini.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na haki unayo. Ningekuwa mimi, ningeizima kabisa.

Mumeo bado yuko Mandera na lori. Anarudi Ijumaa. Anajua tu kwamba ulikwenda kumuuguza baba yako, na aliyemwambia hivyo ni mimi. Kaka yangu unamjua: akigundua amedanganywa huuliza swali moja tu, kisha hasemi na mtu mwezi mzima. Tangu juzi nikisikia lori barabarani nakimbilia dirishani kuangalia.

Sasa nisikilize, maana mficha uchi hazai. Siku ile nilisimama mbele ya wanawake wote wa kikundi chetu cha uyoga nikasema chupa zetu za mtama wa kukuzia mbegu zinaota ukungu wa kijani kwa sababu ya mkono wako. Nilisema unazifungua kabla ya wakati, hunawi, na mafunzo uliyopata Isiolo uliyasahau njiani. Ulikunja leso yako ukaondoka, na kesho yake ukapanda basi la Wajir. Mimi nikajiona nimeokoa uyoga wa kikundi.

Baada ya wewe kuondoka nilitengeneza chupa kumi na mbili mwenyewe, nikifuata daftari lako neno kwa neno. Mtama niliuchemsha ukalainika bila kupasuka. Niliuanika juu ya leso mpaka nilipoubana kwenye karatasi, karatasi haikulowa, kwa sababu zile chupa zetu tano za kwanza kabisa ziliharibiwa na unyevu, kama ulivyosema tukakudharau. Nilijaza chupa, nikaziba tundu za vifuniko kwa pamba, nikazipika kwenye sufuria ya presha saa moja na nusu. Nikazipanga mezani zipoe chini ya kitambaa safi, nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi nilizima feni, nikafunga dirisha, nikapangusa meza na mikono kwa spiriti, nikatia mbegu ya uyoga karibu na moto wa kibatari huku nimeziba mdomo kwa shela. Hata kukohoa sikuthubutu.

Siku ya sita zote kumi na mbili zilikuwa kijani.

Nilikaa chini sakafuni, Qabale. Wewe ulikuwa Wajir, na ukungu ulikuwa hapa kwangu. Nilipofungua moja niimwage, ilinipanda puani harufu ya moshi, ileile ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa. Nikamuuliza Hooyo, mama yangu, taratibu. Akanijibu kwa fahari kabisa kwamba yeye ndiye anayezisafisha. Tangu zile tano za kwanza zioze, kila tukienda kuswali yeye hufungua vifuniko, hutia kijinga cha moto ndani ya kila chupa, huzungusha kama anavyofanya vibuyu vyake, kisha hufunga. Amefukiza vibuyu tangu akiwa msichana na maziwa yake hayajawahi kuharibika. Angejuaje kwamba chupa ikishapikwa, kuifungua kidogo tu ni kuikaribisha kila vumbi la Galbet?

Kosa lake ni la mapenzi. Langu halina jina zuri. Nilijua ukweli siku ya Jumatano nikanyamaza siku nne. Nilijiambia nisimuaibishe mama uzeeni. Siku ya tatu Fardosa wa kikundi alisema nyumbani kwangu kwamba mkono wako una nuksi, na mimi nilikuwa nikimmiminia chai. Nikaendelea kumimina. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumapili nilimweleza Hooyo. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Jana alikwenda kikundini kwa mkongojo wake, akasimama, akasema ni yeye. Mimi nikasimama nyuma yake nikakiri niliyokusingizia na siku nne nilizonyamaza, nikalia mpaka nikaona haya. Fardosa aliinamisha kichwa.

Na safari anayoitaja hapa usiniambie nimemtuma, maana nimemkataza. Aliniambia niandike maneno yake kama anavyoyatamka, ndiyo haya: "Qabale, mimi nilifungua chuba, si wewe. Nilidhani nasaidia. Wewe ulinyamaza, wewe ni mtu mkubwa kuliko sisi. Mimi nakuja."

Msalimie sana mzee Jarso, mama, Kura, na shangazi yako Hinda aliyenipaka hina siku ya harusi yenu. Mola awape afya na mvua ya kheri, na anisamehe mimi kabla yako au baada yako, apendavyo.

Barua hii anakuletea Diriye, utingo wa basi. Lakini basini hakuja peke yake. Unaposoma haya, Hooyo ameketi pale stendi ya Wajir, kwenye benchi la ofisi ya basi. Huko kwenu hajawahi kufika, hata siku ya harusi alisema safari ni ndefu. Anasema aliyemkosea mtu haingii nyumba ya watu bila kuitwa, kwa hiyo hatasogea mpaka wewe mwenyewe umwite. Ukiona moyo bado haujapoa, mwambie Diriye tu. Atamtafutia pa kulala na kumrudisha kwa basi la asubuhi, na hakuna atakayekulaumu.

Ana miaka sabini na moja, na goti lake unalijua.

Ni mimi wifi yako niliyekukosea na ninayekupenda,
Ruqiya