Bukta Safi za Maleval

Oxon Hill, Maryland
12 Machi 2006

Mpwa wangu Honorata,

Kabla sijakusalimu, jua kwamba timu ya mpira ya mji mkuu wa Marekani haiingii uwanjani mpaka mjomba wako akubali. Haya, sasa salamu. Hujambo? Mama yako, dada yangu, mgongo wake unaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa baridi. Mwaka huu mbwa wa hapa wamevaa masweta, na huo si uongo.

Nimepanda cheo. Ni Mkuu wa Mavazi ya timu. Wenye wivu, kama Peterson, Mkenya ninayefanya naye kazi huko Landover, wanasema sisi tunafua tu. Sawa, tunafua. Lakini mchezaji bila jezi ni nani? Ni mtu aliye uchi mbele ya polisi.

Habari kubwa ni kwamba amekuja beki wa kati kutoka Ufaransa, anaitwa Maleval. Historia yake ninayo yote kichwani. Ni Mzungu wa kaskazini, kutoka mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alitaka awe fundi bomba. Klabu ya kwanza ilimfukuza kwa wembamba. Akaenda daraja la tatu, kwenye viwanja ambako ng'ombe huondolewa kwanza ndipo mechi ianze. Kisha la pili, kisha la kwanza, kisha timu ya taifa, ambako alikaa benchi mashindano mazima na bado akarudi na medali. Halafu goti likaanza kumsumbua. Sasa anamalizia soka lake hapa, na amenifanya mimi mshauri wake. Hafungi kamba za viatu bila kuniuliza.

Nasikia na wewe unacheza beki. Ukiwa na swali, uliza. Uko karibu na chanzo.

Mjomba wako wa Washington,
Ombeni


Morogoro
9 Aprili 2006

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, tunashukuru. Mama anasema mgongo ni uleule, na anasema mtu asiyepiga simu tangu Krismasi asiulize migongo ya watu kwenye barua.

Ni kweli nacheza beki, timu yetu inaitwa Mikonge Queens. Mwezi wa saba wanachagua timu ya wanawake ya mkoa. Walimu wa mkoa watatutazama tukicheza na Kilosa, mara moja Juni na mara moja Julai. Baba amesema nikikosa safari hii, viatu navigawa na nakwenda Kihonda kwa shangazi kujifunza cherehani. Sina ubaya na cherehani. Ila si yangu.

Kilosa wana straika anaitwa Sikujua. Ana mbio kuliko sisi wote, na kila tukikutana ananipita.

Naomba umuulize Maleval swali moja tu: mbele ya mtu anayekuzidi mbio, beki afanye nini?

Mpwa wako,
Honorata


Oxon Hill
2 Mei 2006

Mpwa wangu Honorata,

Natumaini barua hii inakukuta salama kama inavyoniacha, ingawa chavua ya miti ya huku inanitoa machozi kama mfiwa. Mwambie mama yako nitapiga. Simu za Marekani zina foleni.

Swali lako nilimfikishia Maleval. Alicheka tu kwa Kifaransa. Sasa nakupa siri, usimwambie mtu. Baada ya mechi, mimi ndiye ninayepokea magunia ya nguo. Bukta za mabeki wengine zinakuja na kijani kuanzia nyongani mpaka gotini, na tope juu yake. Naziloweka, nazisugua, nazisemea maneno. Za Maleval? Safi kama za mwanakwaya. Nazitupa moja kwa moja kwenye mashine. Mtu huyo ni mvivu, mwanangu. Amekuja kula pensheni.

Peterson akaniambia, "Mzee, wacha story. Jamaa analipwa vile, atakuwaje mvivu?" Nikamwambia, "Peterson, kwenu ni riadha. Mpira tuachie sisi."

Kwa hiyo usimfuate Maleval, nifuate mimi. Ukimwona Sikujua anakuja, jitupe chini mapema, mguu mbele. Beki wa kweli hurudi nyumbani mchafu.

Mjomba wako, Mkuu wa Mavazi,
Ombeni


Morogoro
25 Juni 2006

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nilijitupa. Mara ya kwanza Sikujua aliniruka kama mtu anavyoruka mtaro, akafunga. Mara ya pili nilijitupa ndani ya boksi nikamkata miguu. Penalti, akafunga tena. Mwalimu wetu Solomon aliita kutoka pembeni, "Honorata, kwenu hakuna kitanda?" Uwanja mzima ukacheka, na walimu wa mkoa nao.

Ameniweka benchi. Nitacheza mechi ya pili kwa sababu Anna, aliyechukua nafasi yangu, amelazwa na malaria. Ni tarehe 22 Julai. Shangazi ameshanitengea chumba.

Nimewaza jambo. Bukta safi huenda si ya mvivu. Huenda ni ya mtu ambaye hana haja ya kuanguka. Mjomba, usimuulize chochote. Mtazame. Straika akija, miguu yake inafanya nini? Niandikie kwa imeli ya parokia, iko hapo chini, maana barua haitawahi.

Mpwa wako,
Honorata


Imeli, 16 Julai 2006

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote. Peterson ndiye anayenichapia, na amekatazwa kuongeza yake.

Jana nilikwenda uwanjani nikamtazama. Winga wa wageni alikuwa kijana mwenye mbio za swala. Maleval hakumkimbilia. Alirudi kinyumenyume, ubavu mmoja mbele, magoti yamelegea kidogo, akimwachia upande mmoja tu wazi, upande wa mstari. Hakumtazama usoni, alitazama mpira. Kijana akayumba huku, akayumba kule. Mzee yupo palepale.

Unajua tunavyosindikiza mgeni? Mgeni humsukumi, wala humkimbilii. Unakwenda naye kwa mwendo wake, wewe upande wa nyumba, yeye upande wa njia, mnaongea, mpaka ajikute barabarani na mlango uko mbali. Ndivyo alivyomfanyia. Kijana alijikuta nje ya mstari, yeye na mpira wake, hajui ameagwa saa ngapi.

Alipitwa mara moja. Hata hapo hakujitupa. Aligeuka, akakimbilia golini kwake kwa njia fupi, akamngoja tena.

Niliyokuandikia juu ya kulala chini, yafute. Huyo Sikujua msindikize.

Mjomba wako,
Ombeni

Naongeza: huyu mzee alikuwa anatembea kinyumenyume hapa kwa mashine akinionyesha, karibu aanguke ndani ya kikapu. Peterson.


Morogoro
30 Julai 2006

Mjomba,

Shikamoo. Mama amefurahi umepiga simu, ingawa anasema uliongea peke yako.

Nilimsindikiza. Kipindi cha kwanza Sikujua alikasirika akaniuliza, "Dada, unacheza au unanitembeza?" Mimi nilikuwa natazama mpira. Kipindi cha pili alinipita mara moja akafunga. Zilizobaki zote aliishia kwenye mstari. Tukatoka sare.

Jana majina yalisomwa. Nimo, beki wa akiba. Baba akasema akiba si kukosa. Shangazi amempa mpangaji kile chumba.

Mwalimu Solomon aliniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni mjomba wangu, mshauri wa Maleval. Sasa anataka picha yenu wawili aibandike ofisini. Naomba uitume.

Mpwa wako,
Honorata


Oxon Hill
20 Agosti 2006

Mpwa wangu Honorata, beki,

Hongera sana. Mimi mzima. Kanisani Bowie nimewatangazia kuwa nina mpwa kwenye timu ya taifa. Mkoa na taifa, watu wa huku hawatofautishi.

Maleval anaacha mpira msimu huu ukiisha. Goti limekataa. Wanasema atarudi kwao kufundisha watoto kukaba.

Kuhusu picha. Nilikuwa nimeanza kukuandikia kwamba kamera imeibiwa, lakini Peterson alisoma begani mwangu akacheka, kwa hiyo basi. Siku ile ya Julai niliyokwenda kumtazama Maleval ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia uwanjani humo. Nilikaa nikimtafuta Mzungu. Namba nne ninayoifua kila wiki ilipotokea, ndani yake alikuwa mtu mweusi kama wewe na mimi, mrefu, na nilimjua. Mwezi wa nne alikuja Landover mwenyewe, kuulizia soksi zake za goti. Nilidhani ni kibarua mpya. Sikumwuliza jina. Nilimwonyesha gunia la taulo zenye maji, nikamwambia alipeleke kwenye mashine, tena haraka.

Alilibeba.

Mjomba wako,
Ombeni