Picha za Kila Wiki

Mjukuu wangu Neema,

Huku Rungwe Mpya hatujambo; mama yako anavuna maharage. Unauliza, "Bibi, picha za uso wangu kila wiki za nini?"

Ulipokuwa na miaka minne, jicho lako la kushoto lilivimba likatokeza nje. Sisi tulishalia, tukisema ni saratani. Daktari akaomba picha yako ya zamani, akailinganisha na uso wako, kisha akatoa kinyama kidogo kikapimwe.

Majibu yalipotoka akaniambia, "Si saratani, bibi. Ni uvimbe wa nyuma ya jicho. Dawa itaushusha, ila unaweza kurudi. Umwangalie."

Ndiyo nakuangalia, kwa picha unazotuma kwenye simu ya mama yako. Jicho namaliza kulikagua mapema, liko sawa. Simu ndiyo simrudishii mama yako; nabaki nakutazama mpaka chaji iishe.

Bibi yako