Bango la Mlangoni

Karakana ya Fundi Herufi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Mpendwa mwanangu Kidoti,

Anayekuandikia ni baba yako mdogo, mtu ambaye akiugua siku mbili tu mji huu unapotea njia. Nani angejua kinyozi yuko wapi, au daktari wa meno, bila brashi yangu? Juzi mkubwa mmoja wa serikali alisimamisha gari kusoma kibao nilichomwandikia fundi viatu, akasahau kabisa alikokuwa anakwenda.

Hujambo lakini? Baridi ya huko inakuhurumia? Na kile kikohozi ulichomwandikia mama yako mdogo kimeisha? Sisi ni wazima. Mama yako mdogo magoti yanamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Ukiona herufi zangu zimekuwa kubwa kubwa usishangae, ni heshima yako tu.

Sasa kaa chini. Habari ni ya baba yako.

Hujasahau siku tuliyomzika mama yako. Kaka yangu aliifukuza kwaya kaburini, akamrushia mchungaji kitabu cha nyimbo, akaapa hatakanyaga kanisani wala hatatubu maisha yake yote. Ulipombembeleza akakwambia, "Nenda na huyo Mungu wako." Ukaenda kweli, mwaka wa tisa huu. Miaka yote hiyo mchungaji amemwombea kwa jina kila Jumapili, hata wengine wakawa wanakohoa wamkatishe. Hakukatishika.

Basi mwezi wa pili wazee wa kanisa wakanipa kazi ya bango jipya juu ya mlango. Mzee mmoja, yule fundi saa, akaniandikia maneno kwenye kikaratasi: WALIOTUBU KARIBUNI. Nikapanda ngazi. Pale juu, mwanangu, Roho akanishika mkono, brashi ikaenda yenyewe. Niliposhuka bango lilisomeka WASIOTUBU KARIBUNI, jekundu, kila herufi ndefu kama mkono wangu.

Fundi saa nusura azimie. "Umefanya nini wewe? Futa!"

"Rangi ya mafuta haifutiki," nikamjibu, "na Roho hasahihishwi."

Jumapili yake baba yako akapita nje na toroli lake la vyuma vya kuchomelea. Akasimama. Akasoma. Akaingia na kofia kichwani, mahubiri katikati.

"Nani kaniandikia mimi hapo nje?"

Kanisa zima likanigeukia mimi. Hata watoto.

"Mimi sijatubu, na leo sina mpango."

Mchungaji akafunga Biblia. "Bango limekwambiaje, baba?"

"Karibuni."

"Basi kaa."

Akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Wiki sita kofia haikutoka kichwani, na hakuna aliyemwambia aivue, ingawa fundi saa aliitazama kama saa iliyosimama.

Wiki ya saba hakuja. Tukamkuta kitandani, mguu umevimba wote. Kipande cha chuma cha moto kilikuwa kimemwingia, naye akaficha. Hapo ndipo ungeliona kanisa! Mwalimu wa kwaya, yule yule aliyefukuzwa kaburini, ndiye aliyemwosha kidonda kila asubuhi. Na fundi saa, ambaye hafiki kilo hamsini na viatu vyake, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Mimi niliongoza njia, kazi nzito kuliko zote.

Baba yako huko mgongoni anafoka, "Nishushe! Sijatubu bado mimi!"

Fundi saa anahema, "Kwani nani kakuuliza? Shika shingo vizuri."

Jumapili iliyopita alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Akaenda mpaka mbele, akavua kofia, kumbe kichwa kimekuwa cheupe chote. Akasema, "Mmenipenda na kofia yangu kichwani. Nimeshindwa. Natubu." Vigelegele hivyo, mwanangu! Mabati ya paa yaliinuka shubiri nzima, nimepima mwenyewe. Kwaya ikauimba ule wimbo wa mama yako, ule aliowakatisha kaburini, na safari hii ukafika mwisho. Besi ya baba yako ikaifunika sauti yangu, jambo ambalo halijapata kutokea.

Baada ya ibada tukalipigia kura bango. Wa kwanza kunyoosha mkono libaki hivyo hivyo alikuwa fundi saa.

Limebaki moja. Jana baba yako alikuja hapa karakana, akaizungusha ile kofia mikononi weee, mwisho akauliza, "Unadhani yule binti atanipokea?" Nikamwambia akasome bango. Akasema, "Hilo ni la kanisani. La kwake je?"

Hilo mimi siwezi kuliandika, pamoja na ufundi wangu wote. Liandike wewe. Njoo, au mpigie tu asikie sauti.

Mama yako mdogo anakusalimu, na shangazi yako mshonaji, na fundi saa, ambaye sasa anajiita babu yako. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye uwe umetubu au hujatubu,
Fundi Herufi.

Nyongeza: Ukija, niletee miwani ya kusomea, na mama yako mdogo asijue. Maandishi ya fundi saa ni madogo kama skrubu za saa zake. Roho alikuwepo, sikatai. Lakini mimi pale ngazini, Mungu anisamehe, kwenye L niliona S.