Nawagawia Vidonge Wasioonekana

Mama mshauri, salaam nyingi, naomba unisaidie upesi, maana mwisho wa mwezi binti yangu Josepha atanipakia kwenye treni kunirudisha hospitali ya wagonjwa wa akili, na mimi nina miaka sabini, huko nilikwisha kukaa miaka miwili, sikupigwa wala sikushinda njaa, lakini nataka kuzeekea kwangu. Ugonjwa wangu ni kusikia watu. Wako wawili, Jilala, aliyekuwa kirangozi wetu, akitutangulia njiani tulipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo kwenda pwani, na Ngollo, mpagazi mwenzangu, mlalamishi tangu siku zile, na wote wamekufa, najua wamekufa, Ngollo nilimzika mwenyewe, lakini Jilala bado ananiamuru nibebe mzigo na Ngollo bado anasema mboga haina chumvi. Dresa wa zahanati alinipa vidonge, akasema vitatu kwa siku, basi. Sasa mama, njiani posho ilikuwa ya kambi nzima, anayekula peke yake aliimbiwa wimbo wa matusi mpaka pwani, nami nikaona tuko watatu na vidonge ni vitatu, nikawa nameza kimoja, viwili naviweka juu ya jani nje ya mlango, na nikirudi sivikuti, nasema haya, wenzangu wamekula. Kumbe ni jogoo wa Josepha! Tangu Kwaresima hajawika, anasimama tu ameelekea ukuta. Basi Alhamisi Jilala akanifokea, "Kornel, mzigo kichwani, tunaondoka!" nikatii, nikajitwika mzinga uliokuwa karibu, nikapita nao sokoni, na nyuki walikuwamo. Katekista Bernardo aliingia chini ya meza ya muuza dagaa, na uso wake bado umevimba. Josepha alilia mbele za watu. Je, nikivimeza vyote peke yangu, sitakuwa mchoyo kwa watu walionibeba nilipougua homa njiani?

Kornel Lugembe, Goweko
Mei 1958

Bi. Mwanne anajibu:

Mzee Kornel, shikamoo. Nimekwisha kukuamkia, sasa niache nikugombeze. Loo! Mtu mzima, umefika pwani kwa miguu, unamlisha jogoo dawa ya akili? Maskini, yeye kosa lake nini? Nimecheka mpaka mume wangu Mfaume akaja kuuliza kama na mimi nimeanza kusikia watu. Kisha nikafika pale Josepha alipolia, nikaacha kucheka.

Sikiliza, baba. Posho hupewa mwenye njaa, dawa hupewa mgonjwa. Jilala na Ngollo wamekwisha pumzika, hawaumwi. Vidonge vyote vitatu ni vyako. Wala si ujinga wako peke yako, dresa naye ana lake, maana "vitatu kwa siku, basi" si maelezo. Usije ukavibugia vingi kufidia vile vya jogoo, utaanguka. Kesho asubuhi nendeni kwake wewe na Josepha, umweleze kweli yote. Muulize kila kimoja humezwa saa ngapi, kabla ya chakula au baada yake, na ukisahau ufanyeje. Akimaliza, mrudishie maneno yake kwa kinywa chako mwenyewe, na usiondoke mpaka akubali kwamba umeelewa.

Huenda Jilala asinyamaze kabisa. Akikuamuru, mjibu kwa adabu kwamba leo msafara umepumzika, halafu mwite Josepha papo hapo, kabla hujagusa kitu. Na mizinga ikae porini! Bernardo mpelekee asali, ukamwombe radhi.

Nawe Josepha, umechoka, sikulaumu, mzinga ule ungemchosha hata malaika. Lakini mpe baba yako miezi miwili, maana dawa hii haijajaribiwa bado, jogoo ndiye aliyekula nyingi. Keti naye anapomeza. Mtu anayejua kwamba sauti anazosikia ni za marehemu, kisha akashika kalamu kuomba msaada, huyo bado yupo, mwanangu. Usimsafirishe mtu ambaye bado yupo.