Sanamu ya Bitutu na Mtoto Mgongoni

Tabaka,
Kisii.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Nyakerario,

Sanamu ambayo Baba alikwambia niliipata Nyamira si ile ya Babu. Niliichonga mimi. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia, na nimeitanguliza habari hii kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua nilivyo mwoga.

Sasa nakusalimu kwa heshima. Hujambo, Shangazi? Mguu umeanza kukanyaga chini? Hakuna aliyekulaumu kwa kutofika mazishini kwa Babu, kila mtu alijua uko kwenye plasta. Rehema na wadogo zake hawajambo? Sisi tuna afya, ila nyumba imenyamaza. Kiti cha Babu bado kiko barazani na kuku peke yao ndio wanaothubutu kukikalia. Kiswahili changu ni cha darasani, kwa hiyo mkikicheka huko Tanga, chekeni polepole.

Ningekupigia simu, lakini simu ni ya Baba, na yeye huongea kwa spika mpaka majirani wanajibu. Anapanga kukutumia sanamu kwa basi mwisho wa mwezi. Nataka barua hii ikufikie kwanza.

Unakumbuka Babu alivyokuwa akiisimulia ile ya zamani. Alimchonga mama yako mwaka uliozaliwa, ameinama juu ya karai anasugua mawe yaliyochongwa, na wewe umefungwa mgongoni. Ulipougua surua akaiuza mjini ili upelekwe hospitali. Bibi alipofariki hakuwa ameacha hata picha moja. Macho ya Babu yalipozimika kabisa mwaka jana, akaanza kuiulizia sanamu hiyo kama mtu anayemuulizia mgonjwa. Hakutaka kuiona, alisema, alitaka kumshika tu.

Nilipomaliza Kidato cha Nne, Baba akanipa nauli nikaitafute. Mimi ambaye darasani nilishindwa hata kuomba ruhusa ya kutoka nje! Kila jioni nikirudi Babu aliniita, kwa kuwa nina jina la mama yako: "Mke wangu, umenirudia?" Nami nilijibu, "Bado, Babu." Akasema, "Basi nipe uji, wewe unayenila bure."

Nilianzia kwenye duka la Mzee Subhash mjini Kisii, ambako Babu aliiuzia. Mzee amezeeka sana, anasaidiwa na mjukuu wake Janki, msichana wa umri wangu. Nilimweleza Mzee nikitazama viatu vyangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti, enzi zile zilikuja kwa lori. Tulizifunga kwa magazeti, zikaenda Mombasa, zikaenda Ulaya. Sisi hatukuuliza majina na wao hawakuyaandika. Sasa nikuanzishie wapi?"

Janki akanipeleka stoo. Tulipindua kila sanamu tuliyoikuta: viboko, vinara vya mishumaa, wanawake wenye vibuyu, wazee wa bao. Chini ya kila moja palikuwa tambarare, pasafi, bila hata herufi. Shangazi, nimesugua vitu hivyo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuona kwamba havina majina. Nililia mbele ya Janki. Alinipa chai yenye tangawizi na akaendelea kupindua.

Nilienda Mosocho, ambako mwalimu mmoja amegeuza chumba cha nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi kuwa mahali pa kuonyesha michoro. Nilienda Nyamache siku ya soko kwa akina mama wasusi wa vikapu. Kumbe kwetu kuna watu wengi wanaotengeneza vitu vizuri, na wengi wao hawajuani. Kila mtu yuko kwenye chumba chake cha nyuma.

Nyamira nilimkuta mchoraji anayeitwa Ombui. Kazi yake ni kuchora kuta za shule za chekechea, na picha zake mwenyewe amezitundika kwenye banda la zamani la kukusanyia majani chai. Aliposikia ninakotoka, huku kwenye mawe ya kuchonga, akacheka. "Mtoto wa Tabaka anatafuta jiwe Nyamira! Dada, huku utapata majani chai tu." Halafu akaona uso wangu, akaacha mzaha.

Katikati ya banda palikuwa na picha ya mama mmoja anachuma chai. Nilisimama hapo muda mrefu. Ombui akaniambia ni mama yake, aliyefariki yeye akiwa mchanga, bila picha. "Ulimjuaje?" nikauliza. Akasema, "Sikumjua. Nilimkalisha dada yangu nikamchora. Watu wanasema wanafanana."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Mimi pia huambiwa nafanana na Bibi.

Babu alikuwa ameanza kukataa chakula. Nilichukua jiwe jeupe laini la kuchongea kutoka kwenye lundo lake, nikalifunga kwa gunia lenye maji lisikauke, nikalificha kwenye migomba nyuma ya zizi la ndama. Unajua kwetu wanaume huchonga na wanawake husugua. Machogu jirani alinikuta nimelibeba. "Bitutu! Siku hizi mnasugua jiwe kabla halijachongwa?" Nikamwambia ni la kuzuia mlango wa banda la kuku. Akaenda zake anacheka.

Nilichonga kwa kisu na patasi za Babu na kioo cha Mama cha kujitazamia. Uso ni wangu, Shangazi, samahani. Mikono nilijua, kwa sababu mikono ya anayesugua ni ile ile kwa kila mwanamke hapa. Wewe mgongoni ndiye ulinisumbua, nilirudia kichwa chako mpaka nikaogopa hakutabaki kitu. Kisha nikaisugua, nikaipaka nta, na ili ionekane ya miaka mingi nikaipaka masizi ya jikoni.

Nikaileta ndani ya kikapu nikasema Ombui amenipa. Baba aliita watu. Babu akaipapasa tangu karai hadi kilemba, taratibu, mdomo umefunguka kidogo. Akasema, "Ndiye. Mama Nyakerario." Baba akalia, akakupigia simu pale pale. Wewe pia ulilia, sote tulikusikia. Mimi nilitoka nje nikaenda kukaa nyuma ya zizi.

Walipoondoka wote Babu akaniita. Akasema, "Mke wangu, niletee maji na msasa."

Nikamwambia imeshasuguliwa, Babu, tangu zamani.

"Leta tu."

Nikaleta karai. Akakaa chini kwenye mkeka, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kugusa karai, na akaanza kusugua uso. Masizi yakatoka, maji yakawa meusi, jiwe likarudi jeupe. Hakunikemea. Akasema, bila kunigeukia, "Mchongaji hasugui kazi yake mwenyewe. Hukuambiwa?"

Hayo tu. Hakulizungumzia tena na mimi sikuthubutu kuuliza.

Tangu siku hiyo kila asubuhi aliomba karai. Baba alifikiri anamwosha mkewe uchafu wa njiani, na akatuambia tumwache. Alimaliza uso, kilemba, mabega, mikono yote miwili. Alikuwa akichoka upesi, anasugua kidogo analala. Asubuhi ile ya mwisho nilipopeleka maji nilimkuta ameegemea ukuta, sanamu iko mapajani, na mkono wake juu yako.

Tumemzika kando ya Bibi, karibu na migomba. Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima raha. Baba alipoona watu wanaikubali sanamu, alichukua msumari akaigeuza, akaandika chini: ANYONA. Aliandika kwa herufi kubwa, ulimi umemtoka kama mtoto wa darasa la kwanza. Shangazi, hilo ndilo jiwe la kwanza kuwa na jina la Babu. Zile alizozichonga kweli, zote alizolea nazo familia hii, zimeenda bila jina, na ile ya mama yako iko kwa mtu asiyejua ni nani ameinama pale. Jina lake limekaa kwenye moja tu, nayo si yeye aliyeichonga.

Mara nyingine nataka kusimama mbele ya Baba niseme. Lakini nikisema watalifuta, na pale chini patakuwa patupu tena kama kule stoo. Jina langu silitaki pale. Nikipata nguvu nitachonga lingine.

Lakini wewe sikuweza kukudanganya, kwa sababu utaitazama ukidhani ni uso wa mama yako. Ni wangu. Kama utaona huwezi kukaa nao nyumbani, mwambie Baba safari ya basi itaivunja, aiache hapa, nami nitaelewa.

Nisalimie sana Baba Rehema, Rehema mwenyewe, na jirani yako Mama Salha aliyetutumia rambirambi. Huku wanakusalimu Baba, Mama na mdogo wangu Gibson, ambaye bado anauliza Babu ataamka lini. Mungu aunyooshe mguu wako akulete nyumbani, uje ulione kaburi kwa macho yako.

Ukiipokea, utakuta doa jeusi mgongoni kwa mtoto, mgongoni kwako. Ni masizi yangu. Ndipo msasa wa Babu ulipoishia. Tafadhali usilisugue, na usimwambie mtu yeyote, hata Baba Rehema. Acha doa likae, na jina likae.

Mimi binti yako ninayekupenda,
Bitutu