Lucie hana mukia

Siku ya yenga, 10 août

Tumerudi kutoka Masisi, kwa muzee wangu. Amemupa binti yetu Lucie ndama yake mwenyewe, Bihogo. Miaka tano tu, na tayari ana ngombe! Siku zote mutoto alikuwa kwenye majani naye, anamutoa kupe kwa vidole na kuzipasua kwa kucha. Nikamusifu mbele ya watu: damu ya wafugaji. Mimi, véto wa mifugo, nikajivuna. Mangaribi nikakula sahani mbili za majani ya lengalenga, Lucie akaniita Bihogo. Sasa ndiyo jina yangu hapa nyumbani.

Siku ya pili, 19 août

Lucie ana homa tangu juzi, kichwa kinamuuma. Nimesema ni malaria. Bibi yangu Bénita, mama yake, anataka twende lopitali. Nikamujibu: mimi pia niko muganga. Ndiyo, wa ngombe, amesema.

Siku ya ine, 21 août

Lopitali. Test ya malaria — hakuna kitu. Shingo imekauka, anasinzia ovyo. Docteur Uwamariya ameuliza kama kupe imemuuma. Nikacheka. Kupe, kwangu? Mimi ninayepulizia ngombe zote za huku Munigi dawa ya kupe?

Bénita hakucheka. Amefungua misuko ya Lucie, ile alimusuka ili apendeze kwa babu. Nyuma ya sikio: kidonda kidogo, cheusi katikati. Docteur anasema hapo ndipo kupe ilinyonya.

Nimepata haya mpaka miguuni. Kila juma ninahubiria wafugaji: angalia masikio, angalia chini ya mukia. Lucie hana mukia, basi sikuangalia kitu.

Inawezekana ugonjwa umefika kwenye ubongo. Dawa iko, docteur anasema, lakini tumechelewa. Hakusema nani amechelewesha. Wamevuta maji ya mugongo, wameanza sindano za antibiotique.

Siku ya tano, 22 août

Ninaogopa sana. Homa imeshuka kidogo, lakini Lucie haongei. Nimekagua masikio ya watoto wote wa salle. Mama mumoja ameniuliza kama ninatafuta chawa.

Saa hii amefungua macho! Docteur amemuuliza: huyu ni nani?

Ameniangalia muda murefu. Bihogo, amesema.

Nikacheka, Bénita naye akacheka. Docteur hakucheka, amenifanyia ishara nisimusaidie. Ameinama, anamuuliza Lucie tena: Bihogo ni nani, mama?

Lucie bado ananiangalia. Ninangoja aseme: baba, ao ngombe.