Kagua Dume Kwanza

Shambani, Orroroo
27 Januari

Mama yangu Nola,

Pokea salamu za mwanao kutoka huku kwenye vumbi. Goti lako linasemaje tangu upasuaji? Na Mama mdogo Beryl, bado anakuibia karata mchana kweupe? Sisi hatujambo. Mvua iligusa bati Jumanne, ikaona haya, ikaondoka. Lakini kondoo wana maji, na mtoto ana sauti inayofika hadi banda la kunyolea manyoya. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe husikia nusu, na nusu nyingine unajitungia. Hili nataka ulipate lote.

Kwanza asante kwa kifurushi. Soksi ulizomfumia mjukuu wako Tamsin zimependeza, ingawa ile ya kushoto ingenitosha hata mimi. Merrin alinisomea kadi yako kwa sauti, akicheka, mpaka alipofika pale ulipoandika kwamba unamshukuru Mungu kwa kuwa mke wangu hatimaye amepona, na kwamba umewatangazia wanawake wote wa kanisani huko Victor Harbor. Hapo akaacha kusoma. Akaiweka kadi juu ya jokofu, akatoka kwenda kuanua nepi. Ndilo lililonikalisha chini na kalamu.

Najua miaka ya kungoja mjukuu ilikuchoma, Mama. Lakini ulimi wako nao ulichoma. Unaikumbuka Krismasi ile uliyomletea Merrin mtoto wa mbwa mwenye utepe shingoni? Ulimwambia mbele ya wageni, "Shika, binti, lea huyu kwanza, mikono isizoee kukaa bure." Watu wakacheka. Merrin akashukuru, akamwekea mbwa maji. Mbwa mwenyewe, kama hujui, ndiye hodari kuliko wote tulionao sasa.

Halafu ukaja ule ugomvi wa ukuta. Tangu nikiwa mdogo, pale bandani ulipokuwa ukikagua madume kila kiangazi kabla ya kuwafungulia kwa majike, kulikuwa na maneno uliyoyaandika kwa chaki nyekundu ya kutilia kondoo alama: KAGUA DUME KWANZA. Wakulima wa wilaya nzima uliwafundisha hivyo. Wana-kondoo wakiwa wachache, usikimbilie kuwalaumu majike; dume mmoja mbovu huharibu msimu mzima, kwa hiyo tia mkono, papasa korodani, ndipo useme. Siku moja ukaingia bandani ukakuta maneno yamepakwa chokaa. Hukuuliza. Ulisema msichana wa mjini ameanza kutufuta ukoo, na yeye mwenyewe hana mtoto wa kuuandika. Mwezi huohuo ukahamia kwa Mama mdogo, na hujalala kwetu tena. Hii ni miaka mitatu.

Sasa nikueleze tulivyompata Tamsin, maana ulichoambiwa ni kwamba tulikwenda kwa daktari, basi. Tulikwenda mara tatu, Adelaide, saa tatu barabarani kila safari. Kila mara ilianza na sindano za kukomaza mayai, siku kumi mfululizo. Dawa tuliziweka kwenye jokofu karibu na chanjo ya kondoo, nami nikazifunga utepe mwekundu nisije nikamchanja mke wangu dhidi ya pepopunda. Siku ya kwanza Merrin aliinua blauzi, akaniambia, "Ukitaka kuzimia zimia kule, Garth, mimi sina mkono wa kukuokota." Akajidunga mwenyewe tumboni. Mimi nilikalia ndoo.

Mara ya kwanza walivuna mayai tisa, wakayarutubisha kwenye kisahani chao, na hakuna hata moja lililofikia kurudishwa tumboni. Mara ya pili mimba ilishika, ikakaa wiki saba, ikatutoka. Ilitutoka katikati ya juma la kunyoa, na wanyoaji wanataka kula mara nne kwa siku. Nilimsihi alale. Alikataa, akapika chakula chote yeye, na baadaye akaniambia kwamba vitunguu vilimsaidia sana juma lile, maana hakuna aliyemuuliza kwa nini analia. Nilijichukia, Mama. Kwa nini nilijichukia, utaona.

Mara ya tatu ilikuwa Machi iliyopita, tena wakati wa kunyoa. Merrin alikuwa mezani akichambua manyoya simu ilipoita. Royce, yule mnyoaji wetu wa miaka yote, alimwona akiziba sikio, akavuta kamba ya mashine yake na kuwapigia wenzake kelele, "Zimeni! Zimeni nyote, mama anasikiliza!" Banda zima likatulia. Muuguzi alikuwa akimwambia kwamba damu aliyopimwa imekubali. Merrin akageuka, uso umelowa, akasema neno moja tu: "Imeshika." Royce alipiga ukelele hata kondoo aliyekuwa mikononi mwake akachomoka, akakimbilia uani amenyolewa ubavu mmoja, manyoya yakiburuzika nyuma kama shela la bibi harusi. Hatukumfuata. Tulikuwa tukilia na kucheka, wanaume saba na mwanamke mmoja.

Sasa kaa kitini, Mama. Merrin hajapona, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Mgonjwa ni mimi.

Unakumbuka matubwitubwi yaliyonipata nikiwa na miaka kumi na mitano, siku tisa ukinibadilishia vitambaa vya maji? Daktari anasema ndiyo yaliyoniunguza. Mbegu ambazo mwanamume huwa nazo kwa mamilioni, mimi ninazo za kuhesabika, na nyingi zinachechemea. Kule Adelaide mtaalamu aliinamia hadubini, akatafuta moja yenye uhai, akaitia ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Dume alikaguliwa, Mama. Ila sindano zote, michubuko yote na juma lile la vitunguu vilimwangukia mtu ambaye hakuwa na kasoro.

Majibu yangu niliyapata miaka minne iliyopita. Nilimpigia Merrin magoti asimwambie mtu, na wewe zaidi ya wote. Nilimwambia sitaweza kukutazama. Alinionea huruma, akaapa, na kiapo chake akakishika. Mtoto wa mbwa alikuja baada ya hapo. Nilikuwepo, nimeshika glasi, nikacheka pamoja na wageni. Na chokaa ile ya ukutani niliipaka mimi. Sikuweza kuingia bandani kila asubuhi huku maneno yako yakinikodolea macho. Ulipomlaumu yeye, niliinama kufunga kamba za viatu.

Usijilaumu kwa yale maradhi, ulinitunza vizuri. Kosa langu si kuugua. Kosa langu ni kunyamaza, na hilo limekwisha.

Jumamosi iliyopita tulimkaribisha Tamsin kwenye ukumbi wa klabu ya mpira, na wote unaowajua walikuwepo. Nilipanda juu ya benchi nikasimulia yote, kama nilivyokusimulia wewe. Ndipo Royce akapaza sauti, "Garth, shukuru Mungu hukuzaliwa kondoo. Ungekuwa ulishapanda lori la machinjioni zamani!" Kicheko kilitikisa bati. Merrin alicheka mpaka mtoto akaamka, naye mama mtu alikuwa amenyoosha shingo, anawatazama wanawake wa Orroroo mmoja mmoja usoni. Sijawahi kumwona mzuri kama vile. Baadaye Royce alinifuata kwenye gari, akaomba namba ya daktari. Ana miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, na lawama zote ziko kwa mkewe. Alhamisi walikwenda.

Jumapili nilikwangua chokaa. Nilitaka kuyaandika upya maneno yako, lakini Merrin aliniambia mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga moto, akaninyang'anya chaki. Yamerudi ukutani, Mama, makubwa kuliko yako. Chini yake ameandika Nola, kwa sababu anasema neno zuri lisikose mwenyewe.

Wiki ijayo tunakagua madume, na mkono wangu haujaufikia wako. Chumba chako kimefagiliwa, na aliyefagia ni yeye. Njoo. Lakini ukifika, mtoto atakuwa mikononi mwangu, na sikupi mpaka uwe umemkumbatia mama yake.

Msalimie Mama mdogo Beryl, umwambie tunazo karata mpya zisizo na alama. Na Jumapili, kabla hujafunga safari, wasimamishe wale wanawake wa kanisani uwaambie ni nani aliyepona.

Ni mimi mwanao, niliyekaguliwa,
Garth